Samaki Wenye Damu Nyeupe

Kusini kabisa mwa dunia iko nchi kubwa iitwayo Antaktika. Nchi hiyo imefunikwa na barafu, na mahali pengine unene wa barafu hiyo hupita mita 4,000. Haina vijiji wala mashamba, wala hapana mtu aliye mwenyeji wake. Wataalamu, mabaharia na wasafiri wafikao huko hukaa kwa muda, kisha hurudi kwao. Bahari inayoizunguka nchi hiyo huganda juu yake wakati wa majira ya baridi, ikawa ngumu kama sakafu, hata gari zito laweza kupita bila kuzama. Lakini chini ya sakafu hiyo maji hayakuganda, na ndani ya maji hayo wamo samaki wengi, wanaogelea, wanakula na kuzaa kama samaki wa bahari nyingine.

Mtu akilisikia jambo hili mara ya kwanza haoni ajabu yake. Atasema, samaki yupo majini, na maji hayakuganda, basi kuna shida gani? Shida ipo, na ili kuiona yafaa kwanza kufanya hesabu ndogo.

Maji ya mvua na ya mito hugeuka barafu yanapopoa mpaka digrii 0. Maji ya bahari hayagandi upesi hivyo, kwa sababu yana chumvi. Chembe za chumvi hujiingiza katikati ya chembe za maji, zikazizuia zisishikamane na kujipanga kuwa barafu. Kwa hiyo bahari haigandi mpaka ipoe kufika karibu digrii 1.9 chini ya sifuri. Katika ghuba ya McMurdo, iliyo katika pwani ya Antaktika, maji hukaa na baridi ya kadiri hiyo karibu mwaka mzima. Baharini kwenye pwani ya Unguja na Mombasa, joto la maji kwa kawaida huwa kati ya digrii 25 na 30.

Sasa na ipimwe damu ya samaki. Damu nayo ina chumvi, lakini si nyingi kama ya bahari. Samaki wa kawaida wa baharini ana damu yenye chumvi kiasi cha theluthi moja hivi ya chumvi ya maji anamoishi, na damu hiyo huganda ikipata baridi ya digrii 0.8 hivi chini ya sifuri. Tena samaki hana joto lake mwenyewe kama mbuzi au mtu. Mwili wake hupoa sawasawa na maji. Basi hesabu ni hii: maji yamepoa digrii 1.9 chini ya sifuri, na damu hugandia 0.8. Kwa hesabu hiyo kila samaki wa McMurdo angalikuwa amekauka kama jiwe tangu zamani. Na mnyama akiganda mwili mzima hapati kupona kwa urahisi, kwa maana punje za barafu zina ncha na makali, nazo zikikua ndani ya nyama huzichana chembe za mwili na kuzinyonya maji yake.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja, Per Scholander, alikwenda pamoja na wenzake mpaka ghuba ya Hebron, katika pwani ya Labrador, nchi ya Kanada, karibu na upande wa pili wa dunia wenye baridi, ule wa kaskazini. Huko walivua samaki wa kilindini, ambako maji yalikuwa digrii 1.7 chini ya sifuri. Walipoipima damu ya samaki hao waliona kwamba ilipaswa kuganda kwenye digrii 1 hivi, lakini haikuganda. Samaki walikuwa hai na wazima, ingawa walikuwa na baridi kupita kiasi cha damu yao wenyewe.

Jambo hilo lawezekana, kwa kuwa maji yaliyotulia yana tabia ya pekee. Yakipoa polepole, na ndani yake hamna hata punje moja ya barafu, yaweza kupita kipimo cha kuganda yakabaki maji. Barafu huhitaji mbegu ya kuanzia. Mbegu hiyo ikitiwa, ijapokuwa ni ndogo kama chembe ya mchanga, maji yote huganda mara moja. Scholander na wenzake wakawaweka samaki wale katika maji yenye baridi ileile, kisha wakawagusisha barafu. Wakaganda na kufa. Kumbe samaki wa kilindini walikuwa wakiishi maisha yao yote katika hatari hiyo, na kilichowaponya ni kwamba barafu huelea juu, haiwafikii chini walipo.

Lakini samaki wa majini juu, waliokuwa wakiogelea katikati ya vipande vya barafu wakati wa baridi, hawakuganda hata walipoguswa nayo. Katika damu yao palikuwa na kitu ambacho Scholander na wenzake hawakuweza kukijua ni nini.

Mwaka 1961 kijana wa Kimarekani aitwaye Arthur DeVries alifika McMurdo ili kujifunza habari za samaki wa huko. Mahali hapo hapafanani na kilindi cha Hebron, kwa maana katika maji yasiyo na kina kirefu barafu hushika hata chini, juu ya mawe, na wako samaki ambao hujilaza juu ya barafu hiyo kama paka juu ya mkeka. Tena samaki wa baharini hunywa maji ya bahari, na samaki wa McMurdo anywapo, humeza punje za barafu pamoja na maji. Mbegu ya kugandisha imo tumboni mwake! DeVries aliichukua damu ya samaki hao akaipima, akaona kwamba chumvi ilifanya kama nusu tu ya kazi ya kuzuia isigande. Akaiondoa chumvi; hata hivyo maji ya damu yaliyobaki yaliendelea kukataa kuganda. Baada ya kazi ya miaka kadhaa, katika mwaka 1969 yeye na mwalimu wake, Donald Wohlschlag, walitangaza kwamba kitu hicho ni protini iliyofungamana na sukari.

Protini ni kitu cha kujenga mwili, nacho kimo katika nyama, mayai na maharagwe. Kila protini ni kama uzi wa shanga za namna mbalimbali. Protini ya samaki hawa ina utungo mwepesi wa ajabu: shanga mbili za namna moja, iitwayo alanini, na shanga ya tatu iitwayo threonini, kisha tena mbili na moja, mbili na moja, mpaka mwisho wa uzi. Juu ya kila shanga ya tatu huning'inia sukari. Uzi mfupi hurudia utungo huo mara 4 tu, na uzi mrefu mara 50 na kuzidi.

Kazi yake si kama kazi ya chumvi. Chumvi huzuia kwa wingi wake, na kama samaki angaliitegemea chumvi peke yake, ingalimpasa kuwa na damu yenye chumvi kama bahari. Protini hii haihitaji wingi. Nguvu yake ya kuzuia kuganda ni mara mia kadhaa kuliko idadi ya chembe zake ingeonyesha. Siri yake ni kwamba huitafuta barafu yenyewe. Moto wa nyika ukianza mahali padogo, watu huuzunguka wakaupiga kwa matawi mabichi. Haukuzimika papo hapo, lakini umekosa njia ya kuenea. Ndivyo zifanyavyo nyuzi za protini. Punje ya barafu iingiapo mwilini, nyuzi hizo huikimbilia na kuung'ang'ania uso wake pande zote, na chembe za maji zinazotaka kujiunga na punje ile hukosa mahali pa kushika. Punje haiyeyuki, wala haikui. Yabaki ndani ya samaki kama mfungwa.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba protini hiyo hutengenezwa katika ini, kwa kuwa protini nyingi za damu hutoka huko. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba sivyo. Hutengenezwa zaidi katika kongosho na katika tumbo, ikamiminwa kwanza ndani ya matumbo pamoja na maji ya kuyeyushia chakula. Jambo hili lapatana sana na hatari yenyewe, maana barafu humezwa. Nalo lapatana na habari nyingine iliyokwisha kujulikana mwaka 1997. Mwaka huo Chen Liangbiao, Christina Cheng na DeVries walionyesha kwamba jeni inayotengeneza protini hiyo ilitokana na jeni nyingine ya zamani, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza maji ya kongosho ya kuyeyushia nyama. Kipande kidogo cha jeni ile ya zamani kilirudiwa-rudiwa mara nyingi, na kilichozaliwa ni uzi wa kukamatia barafu.

Ajabu zaidi ni kwamba katika bahari ya Aktiki, upande wa kaskazini, yuko samaki mdogo aitwaye Boreogadus saida, ambaye si ndugu wa samaki wa kusini hata kidogo. Naye anayo protini yenye utungo karibu uleule, mbili na moja, na sukari juu yake. Lakini jeni yake haikutoka katika ile ya kongosho. Ni kama mafundi wawili wasiopata kuonana, mmoja kusini mmoja kaskazini, wakachonga ufunguo wa namna moja kwa sababu kufuli ni moja.

Kutoganda ni nusu ya mambo. Baridi huleta shida nyingine, ya ugumu. Mwanafunzi aliyeona chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya baridi nchi za milimani anajua kwamba mafuta hayo hukauka yakawa meupe kama nta. Kila chembe ya mwili wa mnyama imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta, na kama mafuta hayo yakikauka, chembe haiwezi kufanya kazi. Basi samaki wa Antaktika wana mafuta ya namna nyingine, ambayo hubaki laini hata katika baridi kali. Damu nayo huwa nzito katika baridi, na chembe nyekundu zilizomo huizidishia uzito, hata moyo hutaabika kuisukuma. Samaki wengi wa huko wana chembe nyekundu chache kuliko samaki wa bahari za joto.

Wengine hawana kabisa rangi nyekundu ya damu.

Habari zao zilisikika kwanza kwa wavuvi wa nyangumi. Mwaka 1929 kijana Mnorwei, Johan Ruud, mwanafunzi wa elimu ya wanyama, alikuwa safarini katika Bahari ya Kusini katika meli ya nyangumi. Mmoja wa watu wa kazi akamwuliza kama anajua kuwa huku kuna samaki wasio na damu. Ruud alidhani anafanyiwa mzaha, kwa maana alikuwa amefundishwa vema kwamba mnyama mwenye uti wa mgongo hawezi kuishi bila damu nyekundu. Akasema, basi na waletwe. Hawakuletwa. Aliporudi kwao alimhadithia Ditlef Rustad, Mnorwei mwenziwe, naye hakucheka. Rustad alikuwa amemwona samaki wa namna hiyo mwaka 1927 karibu na kisiwa cha Bouvet, alipokuwa katika meli iitwayo Norvegia. Alikuwa mweupe, mwenye kinywa kirefu kama cha mamba, na alipompasua aliona damu isiyo na rangi.

Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Mwaka 1953 Ruud alisafiri mwenyewe mpaka kisiwa cha South Georgia, akawapata samaki hao, akaipima damu yao. Mwaka 1954 akatangaza kwamba wale wavuvi walisema kweli. Damu ipo, lakini haina himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachochukua oksijeni kutoka katika matamvua na kuipeleka mwili mzima. Ukiyafunua mashavu ya samaki huyo, matamvua yake ni meupe kama maziwa, mahali ambapo samaki wote wengine wana wekundu.

Jamii hiyo ina aina kama 16, na kwa jina huitwa samaki wa barafu. Damu yao huchukua oksijeni kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi ya ile ichukuliwayo na damu ya ndugu zao wenye damu nyekundu. Waishije, basi? Kwanza, maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya joto. Bahari ya Antaktika yaweza kuwa na oksijeni karibu mara mbili ya ile ya bahari za joto. Tena samaki hawa hawana magamba, na oksijeni nyingine huingia kwa njia ya ngozi. Damu yao ni nyingi, kiasi cha mara 2 hadi 4 ya damu ya samaki wa ukubwa uleule, mishipa yao ni mipana, na moyo wao ni mkubwa. Nao si wepesi wa kwenda mbio. Wengi hukaa chini wakingoja chakula kipite karibu na kinywa.

Wapo waliosema kwamba damu nyepesi ni faida, kwa kuwa ni rahisi kuisukuma. Lakini moyo wa samaki wa barafu husukuma damu nyingi mno, na kazi hiyo hula sehemu kubwa zaidi ya nguvu za mwili kuliko moyo wa samaki mwenye damu nyekundu. Aliyeokoa uzito wa mzigo amelipa kwa wingi wa safari. Yaelekea zaidi kwamba jeni za himoglobini ziliharibika hapo zamani, na hasara hiyo ilivumilika kwa sababu bahari ilikuwa baridi, yenye hewa tele. Mahali pengine popote samaki hao wangalikufa.

Juu ya barafu ileile yuko mnyama ambaye damu yake ni kinyume kabisa. Huyu ni sili wa Weddell. Yeye ana joto lake mwenyewe, kama mtu, na shahamu nene chini ya ngozi humhifadhi. Kwa kuwa hupumua hewa, sharti aichukue oksijeni yake yote anapozama. Basi damu yake imejaa chembe nyekundu, na nyama yake karibu ni nyeusi kwa wingi wa rangi ishikayo oksijeni. Huweza kuzama zaidi ya mita 600, na kukaa chini zaidi ya saa moja. Tundu lake la kupumulia hulichonga katika barafu kwa meno, hata meno yake yakalika. Chakula chake kikubwa ni samaki.

Protini ya kuzuia barafu ina gharama yake pia. Punje iliyofungwa haikui, lakini vilevile si rahisi kuyeyuka. Katika mwaka 2014 Paul Cziko na wenzake walieleza kwamba ndani ya samaki wa McMurdo punje za barafu hudumu hata maji ya bahari yanapopata joto kidogo wakati wa kiangazi, kwa maana protini zilizoizunguka huizuia isiyeyuke. Samaki aweza kubeba barafu ndani yake, hasa katika bandama, kwa muda mrefu sana.

Na gharama nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1967 George Somero na DeVries waliwatia samaki wa McMurdo katika maji yaliyopashwa moto polepole. Maji yalipofika digrii 6 juu ya sifuri, samaki walikufa. Maji hayo yangali baridi kiasi ambacho mtu akitia mkono hawezi kuuacha ndani bila maumivu, lakini kwao yalikuwa moto wa kuua. Wanyama karibu wote, wakipatwa na joto la ghafula, hutengeneza upesi protini za kuziponya nyingine zilizoharibika. Mwaka 2000 ilijulikana kwamba samaki mmoja wa huko, Trematomus bernacchii, hawezi tena kuziongeza protini hizo apatapo joto. Kwa mamilioni ya miaka bahari yao haikubadilika, na silaha isiyotumiwa ilipotea, kama himoglobini ya ndugu zao ilivyopotea. Leo dunia inazidi kupata joto, na baadhi ya maji ya kusini nayo yamo katika kupata joto. Samaki wa bahari nyingine waweza kuhama kuelekea kwenye baridi, lakini hawa wamekwisha kufika mwisho.

Wingi wao haukuwahi kudhaniwa mpaka mwezi wa Februari mwaka 2021. Meli ya Kijerumani iitwayo Polarstern ilikuwa katika bahari ya Weddell, ikikokota kamera karibu na sakafu ya bahari, kwenye kina cha kama mita 500. Katika picha kikaonekana kiota cha duara, kilichochimbwa katika mchanga na kuzungushiwa vijiwe vidogo, na samaki wa barafu mmoja amekaa ndani akiyalinda mayai. Mbele yake palikuwa na kiota kingine, kisha kingine. Kamera ilikwenda saa baada ya saa, na viota havikwisha. Wataalamu walikadiria kwamba vilienea katika kilometa 240 za mraba, na idadi yake kama milioni 60. Kiota chenye mayai kilikuwa na mayai kama 1,700 kwa wastani. Maji ya mahali hapo yalikuwa na joto kidogo kuliko ya jirani, lakini bado karibu na sifuri. Na sili wa Weddell waliofungwa vyombo vya kupimia safari zao walionekana wakizama mara nyingi katika eneo hilohilo.